Nilijifanya Mtalii Mbele ya Shangazi Yangu

Simlaumu mtu. Naliandika hilo mapema ili usipoteze muda kutafuta mwenye makosa. Ni mimi! Rafiki zangu hawakunishauri vibaya, Shetani hakunisukuma, hata boti haikuchelewa. Nilikosa mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nikiwa nimevaa kofia nzuri.

Jina langu silitaji, maana Goma ni mji wa midomo. Lakini wewe unayesoma, sogea nikuambie. Barua hii nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena nikaifuta. Mimi ni mtu wa kufuta.

Kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikifunga vitambaa na kuvifungua mpaka mikunjo ilingane. Siku hizi naishi Bukavu kwa ajili ya kazi hiyo. Kiti kimoja kikipinda ukumbini, narudi kukinyoosha hata kama wageni wameshaketi. Ua moja likiinama, moyo unanienda mbio kama nimeiba. Wateja wanasema ni kipaji. Mama ya mchumba wangu anasema ni ugonjwa. Wote wamesema kweli.

Lakini kwetu ni Goma. Tulikimbia Masisi nikiwa mdogo, tukaishia kambini Mugunga, chini ya turubai, juu ya mawe meusi ya volkano. Baba alikuwa amepoteza ng'ombe wake wote. Aliyekuja kunitoa pale ni dada yake, Shangazi Venansia. Alinibeba mgongoni, ingawa miguu yangu ilikuwa mirefu kiasi cha kukaribia kuburuta chini, akanipeleka kwake Birere. Akanilea hapo, nyuma ya kibanda chake cha maharage, mpaka nikawa mtu.

Sasa elewa jambo moja kuhusu watu wetu. Siku ya mahari, au dot kama tunavyoiita Goma, upande wa mume unaweza kuja na ng'ombe, na soda, na wasemaji wenye maneno matamu. Hayo yote hayamtoi binti chumbani. Anatoka pale tu shangazi yake, dada ya baba, anapomshika mkono na kumleta mbele za watu. Shangazi ndiye anayesema: huyu ni wetu, tumemlea, tunawapa. Shangazi akikosekana, kila mtu hujiuliza binti ana kasoro gani.

Dot yangu ilikuwa imekaribia. Patrick, mchumba wangu, ni mtu wa Bukavu, na wazee wake walikuwa tayari. Baba amejenga Munigi, nje kidogo ya mji, na hapo ndipo sherehe ingefanyika. Vitambaa nilikwisha kuvichagua. Mkono wa kunishika ulikuwa mmoja tu duniani, wa Shangazi Venansia.

Mkono huo ndio nilioupoteza. Na niliupoteza kwa ajili ya foto, picha za simu!

Ilianza kwa simu.

"Mutoto wangu," Shangazi akasema, "kutakuwa festivali hapa Goma, kando ya ziwa. Ngoma, vyakula, watu ya kila fasi, ya kila mahali. Kuja. Kuko kitu nataka uone."

"Kitu gani, Shangazi?"

"Weye kuja tu. Nikikuambia, utamu utaisha."

Nilidhani ni maharage. Kila kitu Shangazi alichowahi kutaka nikione kilikuwa maharage.

"Shangazi, niko na kazi mingi. Kuko harusi kubwa hapa. Sitaweza."

"Ata siku moja?"

"Ata saa moja."

"Sawa, mama. Kazi ni kazi."

Uongo mtupu! Wakati nasema maneno hayo, tiketi ya boti ya kwenda Goma kwenye festivali hiyohiyo ilikuwa mkobani mwangu.

Ngoja nijieleze, ingawa sina utetezi. Nilikuwa nimewaahidi rafiki zangu wawili wa Bukavu, Espe na Klarisi, kwamba nitawatembeza Goma. Espe ni jirani yangu, mdomo wake hauna mlango. Klarisi ni mteja niliyempambia harusi, ana simu yenye kamera nzuri na anatupia kila kitu mtandaoni. Niliitaka Goma iliyonyooka, Goma ya video. Asubuhi ziwa, mchana volkano, jioni samaki, kila mtu na nguo inayolingana na ya mwenzake.

Na Shangazi hanyooki! Anaongea kwa sauti ya soko. Anashika watu mashavu. Anamuuliza msichana asiyemjua kama ameolewa, na kama bado, ni kwa nini. Akijua tumefika atatuburuta Birere, tutakaa kwenye viti vya plastiki, tutalishwa ugali mpaka vifungo vigome, kisha tutazungushwa kusalimia majirani. Festivali itakwisha tukiwa bado tunasalimia.

Kwa hiyo nikakodi chumba katika nyumba ya wageni kule Himbi, karibu na ziwa. Mtoto wa Goma, mwenye shangazi Goma, analala nyumba ya wageni Goma! Kwetu hiyo ni sawa na kutangaza kwamba shangazi amekufa, au amekufukuza.

"Kwani kule hauna familia?" Espe aliniuliza.

"Walihamia Kampala."

Sijui Kampala ilinitoka wapi. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuikanyaga.

Tukapanda boti ya haraka asubuhi. Nilifika wa kwanza ili nichague upande ambao kisiwa cha Idjwi kingeonekana vizuri kwenye foto. Kisha tukapewa jaketi za kujiokoa. Jamani, rangi ile ya machungwa! Nilikuwa nimepanga tuvae kijani na nyeupe. Nikamwomba mfanyakazi wa boti aturuhusu tuzivue kidogo, tupige foto, tuzivae tena.

Akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. "Dada, hii maji haichague rangi."

Espe akacheka mpaka wazee wa mbele wakageuka. Mimi nilikaa safari yote nimekunja mikono juu ya jaketi, nikijaribu kuificha chini ya mtandio.

Tulipokaribia, volkano ya Nyiragongo ikajitokeza na moshi wake kichwani. Klarisi akasimama na simu yake. Mimi nikaenda chooni, na niliporudi nilikuwa nimevaa kofia pana, miwani myeusi, maski, na nywele za kununua rangi ya asali.

Espe akanikodolea macho. "Umekuwa nani?"

"Jua la Goma ni kali."

"Na maski?"

"Vumbi."

"Na nywele?"

"Upepo."

"Basi ungebaki Bukavu," akasema, "huu mji hauna kitu kizuri ata kimoja."

Siku ya kwanza ilikwenda kama video. Tulikwenda kwenye sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, lile baiskeli letu kubwa la mbao linalobeba mizigo ya mji mzima. Nikawapanga Espe na Klarisi, nikawapanga upya. Kidevu juu, mguu mbele. Mwanamume mmoja akasimama nyuma yetu na chukudu halisi, limejaa magunia ya makaa, jasho linamtiririka, akitaka kupita. Nikamwomba asogee. Alikuwa anaharibu foto ya chukudu!

Akasogea. Akalivuta chukudu nyuma, magunia na yote. Hilo nalo nalikumbuka.

Kisha tukachukua gari kwenda kuona Ziwa la Kijani, upande wa magharibi, na njia ya kwenda huko inapita Mugunga. Mawe meusi yaleyale. Watoto kando ya barabara na madumu ya maji. Nilipaona kabisa mahali lilipokuwa turubai letu, maana kuna mwamba pale uliokaa kama mgongo wa ng'ombe, nilikuwa nikiupanda.

"Hapa panaitwaje?" Klarisi akauliza.

"Ni sehemu ya kupita tu," nikasema.

Andika hilo nalo kwenye makosa yangu.

Kurudi tulipanda pikipiki, kila mtu yake. Motari wangu, dereva wa pikipiki, akakata njia akapitia Birere. Nilimpiga begani, nikamwambia kwa Kifaransa apite kwingine. Tayari tulikuwa katikati ya vibanda, na mbele yetu lori limeziba njia. Kijana mmoja wa pikipiki, tuliyesoma naye shule ya msingi, akainama kuchungulia chini ya kofia yangu.

"Weye! Si weye mutoto ya Mama Venansia?"

Nikamwambia kwa Kifaransa, kwa ubaridi, kwamba bwana, umekosea mtu.

Akapiga makofi kwa kicheko. "Ata Kifaransa yako ni ya Birere!"

Lori likasogea, tukaondoka. Nikaivuta kofia chini zaidi. Lakini nikajiambia, nani atamsikiliza motari?

Kesho yake alasiri tukaenda kwenye festivali. Kando ya ziwa palijaa watu. Harufu ya mishikaki na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, vijana wa kudansi, maspika yanayokoroma. Nikatafuta mahali pazuri, nikapapata. Mbele kabisa, chini ya jukwaa, hapo ambapo kichwa cha mtu kisingeingia kwenye video ya Klarisi. Mimi na ukamilifu wangu!

Mtangazaji akasema sasa ni zamu ya akina mama wa Birere, watacheza ngoma ya milima ya Masisi.

Wakaingia wamevaa mishanana myeupe, vitambaa virefu vilivyofungwa begani, mikono juu kama pembe za ng'ombe. Na aliyetangulia, akiwa amenyoosha shingo, mzito lakini anaelea, alikuwa Shangazi Venansia.

Nilikuwa sijawahi kumwona Shangazi akicheza. Nakuapia! Magoti yake ni mabovu, ngazi tu zinamliza. Na sasa alikuwa akikanyaga jukwaa polepole, kwa heshima, kana kwamba anatembea juu ya kitu kinacholala asitake kukiamsha. Watu wakaacha kutafuna mishikaki. Espe alinishika mkono. "Angalia huyu mama! Angalia huyu mama!"

Kwetu mama wa umri mkubwa akimaliza kucheza hupewa nafasi ya kusalimia, na akisalimia hutaja watoto wake. Wakampa maikrofoni. Alikuwa anahema.

"Nasalimia Goma yote," akasema. "Nasalimia wababa ya Munigi na wamama ya Birere. Na nasalimia mutoto wangu mumoja. Hayuko hapa. Ako Bukavu, anapamba harusi ya watu, hakupata ata saa moja."

Watu wakacheka kwa upendo.

"Ni mimi njo nitamushika mukono siku ya dot yake. Hii ngoma nilijifunza tena kwa ajili yake, nimuchezee ile siku. Magoti yangu ni mashahidi! Nilitaka aione leo, aniambie fasi nakosea, juu ule mutoto anaona kosa ata kwa malaika. Basi, mumupigie vigelegele. Vifike Bukavu!"

Hicho ndicho kitu alichotaka nikione.

Uwanja mzima ukalipuka. Espe alipiga vigelegele kuliko wote. "Huyo binti ana bahati!" alinipigia kelele sikioni. "Huyo binti ajue ana bahati!"

Na mimi, jamani, ili nisionekane wa ajabu, nikainua mdomo nyuma ya maski. Nikajipigia vigelegele mwenyewe.

Ilikuwa ni kuvua miwani tu. Kitu cha sekunde. Ningesema "Shangazi!" na uwanja ungepasuka kwa furaha, na leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine. Lakini nikawaza: nitawaambia nini hawa juu ya Kampala? Nikawaza nywele zangu zitakaaje chini ya hizi za kununua. Ndiyo, niliwaza nywele!

Shangazi alisimama pale, macho yake yakipita juu ya watu wa mbele. Yalinifikia. Yakakaa kidogo. Kisha akarudisha maikrofoni, akashuka kwa shida, mama mwenzake akimshika kiwiko.

Asubuhi iliyofuata tukaenda bandarini kurudi Bukavu. Nilikuwa nimevaa vilevile, kofia, miwani, maski. Espe na Klarisi walikuwa mbele kwenye foleni. Nikahisi mtu amenigusa mkono.

"Mama, samahani. Unaenda Bukavu?"

Alikuwa yeye! Shangazi, na kitenge chake cha kanisani, na kikapu kilichofungwa kwa kamba. Nikatikisa kichwa kukubali.

Wewe ambaye hujakaa huku, ujue kwamba kutuma mzigo kwa msafiri usiyemjua ni jambo la kawaida kwetu. Unamchagua mtu kwa kumtazama, unampa kikapu na namba ya simu, na kitafika.

"Nisaidie, mama. Niko na mutoto wangu kule. Nimemutumia fromaji, ile jibini ya Masisi, na maharage, na kaviazi kidogo. Utamufikishia?"

Nikajibu kwa sauti ya puani, nikiiga lafudhi ya Bukavu. "Ndiyo, mama. Nitamufikishia."

"Mwambie asiogope dot. Mwambie mimi niko."

"Nitamwambia."

Hakuniachia kikapu. Alikishika upande wake nami upande wangu, tumesimama hivyo, watu wanatupita.

"Na weye, mama," akauliza polepole, "unaitwa nani? Nimwambie mutoto nani anamuletea."

Sikiliza. Hapo ndipo mahali penyewe. Festivali, nyumba ya wageni, Kampala, yote yangesameheka. Mtu aliyenibeba mgongoni ananiuliza jina langu.

"Chantal," nikasema.

Shangazi akaachia kikapu.

"Aksanti, Chantal," akasema. "Ufike muzuri."

Akageuka akaondoka, na hakuangalia nyuma. Shangazi Venansia, ambaye siku zote huaga boti mpaka iwe nukta!

Kwenye boti nilivua kila kitu. Kofia, miwani, nywele. Nikalia ndani ya jaketi lile la machungwa na sikujali rangi. Espe akauliza kikapu ni cha nani. Nikawaambia yote, kuanzia turubai la Mugunga.

Klarisi aliizima simu yake. Espe alichukua muda kuelewa.

"Ule mama ya jana ni shangazi yako."

"Ndiyo."

"Na hiki kikapu ni cha kwako."

"Ndiyo."

"Na umejipelekea mwenyewe." Akatazama ziwa. "Dada, mimi ni muongo tangu utotoni, lakini hii sijaiona."

Kisha akasema jambo lililonichoma kuliko yote: "Mimi ningependa kulala kwake."

Nilipofika Bukavu simu ikalia.

"Muzigo ulifika?"

"Ulifika, Shangazi. Aksanti sana."

"Na ule Chantal, alikusalimia?"

"Alinisalimia."

"Ni mutoto wa adabu," Shangazi akasema. "Alikubali kubebea mutu asiyemujua. Wazazi wake walimulea muzuri."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Sikupata ujasiri wa kusema kwenye simu. Nikajiambia nitasema uso kwa uso, vizuri, kwa maneno yaliyopangwa. Unaona? Hata toba nilitaka iwe kamili! Nikaichelewesha mpaka ilibaki juma moja kabla ya dot, ndipo nikapanda boti tena, peke yangu, kichwa wazi, na kwenda moja kwa moja Birere.

Kwa Shangazi watu wa nyumba hawabishi mlango. Unapita kibandani, unapita uani, unaingia jikoni, unafunua sufuria kuona kuna nini. Nilipofika uani alikuwa amesimama mbele ya mlango wa jikoni.

"Karibu," akasema. "Pita huku."

Akanipeleka saloni, sebule ya mbele. Saloni ya wageni! Akatandika kitambaa cha meza, kile cha pasta na wakubwa wa mtaa. Akaleta Fanta juu ya sahani, na glasi iliyofunikwa, akaketi mbele yangu na mikono mapajani.

"Habari ya Bukavu, Chantal?"

Nikaanguka magotini. Maneno yangu yaliyopangwa yakapotea, nikabaki nasema nisamehe, nisamehe.

"Simama, utachafua nguo," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo! "Nilikujua kwenye festivali kabla sijainua mukono kucheza. Ile miguu yako nani aliosha? Unasimama vidole vikiangalia ndani, tangu mutoto. Nikasema, labda anaona haya kwa rafiki zake. Nikakutaja, upate njia. Ukapiga vigelegele."

"Shangazi..."

"Nikasema, labda watu ni wengi. Nikakuja ku porti. Nikakupa kikapu. Nikakuuliza jina." Akainua vidole vyake, akavitazama. "Ningefanya nini tena? Ningekuvua miwani na nguvu?"

"Utanishika mkono siku ya dot?" nikauliza. Nilikuwa na haya, lakini nikauliza.

"Nitakuja," akasema. "Kadi nilipata. Ni nzuri, maandiko ya dhahabu. Nitakuja kama waalikwa wote."

Baba alikwenda kumbembeleza. Akarudi kichwa chini. Mama wachungaji wawili wakaenda, wakapewa Fanta.

Siku ya dot, pale Munigi, hema nililipamba mwenyewe. Nakwambia ukweli, sijawahi kupamba vizuri namna ile. Kila kiti kilinyooka. Msemaji wa upande wa Patrick akasimama, akasema kwa mbwembwe: "Tunamuomba shangazi wa binti atuletee ua letu."

Aliyenishika mkono ni binamu ya baba kutoka mbali, mama ambaye nilikuwa nimeonana naye mara moja kwenye matanga. Mkono wake ulikuwa baridi. Alipofika mbele akanitambulisha kwa jina la dada yangu mdogo. Watu wakacheka, msemaji akamsahihisha, akarudia, akakosea tena.

Shangazi alikuwa upande wa waalikwa, safu ya tatu, kitenge cha kanisani, kadi yangu juu ya mapaja. Watu walipopiga vigelegele, naye akapiga. Alipiga kwa adabu, kama unavyompigia mtoto wa watu.

Hakucheza. Ile ngoma niliiona mara moja tu, nyuma ya miwani.

Niliolewa, ndiyo. Patrick ni mume mwema. Lakini wazee wake mpaka leo wanauliza kwa upole kama kwetu kulikuwa na ugomvi, na mimi husema shangazi alikuwa na shida ya magoti.

Kila ninapofika Goma naanzia Birere. Nanunua hiki na kile, naingia, nasalimia. Ananipokea vizuri mno. Saloni, kitambaa, Fanta. Nasikia kicheko chake jikoni na mabinti wa majirani, wakifunua sufuria bila ruhusa. Juzi niliinuka nikasaidie kuosha vyombo. Akanizuia mlangoni, akitabasamu.

"Kaa, dada," akasema. "Mugeni haoshi vyombo."

Dada! Si mutoto wangu. Dada!

Kwa hiyo wewe kijana mwenye simu nzuri, unayepanga safari ya ziwani na rafiki zako, nisikilize mimi niliyeharibu. Panda boti, tembea, piga foto, cheza festivali yote. Lakini ukishuka kwenye bandari yenye mtu wako, nenda kwake kwanza, na hao rafiki zako nyuma yako, mkae kwenye plastiki, mle ugali mpaka vifungo vigome. Mji hautahama. Volkano itakungoja.

Na kama umekwisha kukosea, kama umejificha tayari, naye anakuja taratibu na kikapu mkononi, anakuuliza wewe ni nani, usihesabu nani anatazama. Sema jina lako!